Kutambua fonti ya kibao na kuokoa kazi kabla haijaharibika: mwongozo kwa mafundi wa mabango

Mama mmoja mwenye duka la unga upande wetu wa Busia alinitumia picha ya kibao chake kwa WhatsApp. Mvua za Aprili zilikuwa zimebandua herufi tatu za stika kwenye maneno JUMLA NA REJAREJA, naye alitaka hizo tatu tu. "Fundi, usinibadilishie kibao. Wateja wananijua kwa hichohicho." Niliangalia picha, nikasema moyoni hii ni fonti ya Arial, yaani mtindo wa herufi, nikakata, nikasafiri kutoka Kampala, nikabandika. Kesho yake akanipigia simu. R mpya ilikuwa imetanua mguu kwa mshazari, na R ya zamani kwenye neno hilohilo iliteremsha mguu wake karibu wima. Zilikaa karibu, kila mpita njia akaona. Mama alikuwa na haki, na nilirudi Busia kwa nauli yangu.

Kibao kile kilikuwa cha Helvetica, fonti inayofanana sana na Arial. Tangu siku ile nimeshika jambo moja: kazi ya bango mara nyingi huharibikia kwenye herufi, kabla hata plota, mashine ya kukata stika, haijawashwa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya herufi. Mashine zinafuata baadaye.

Hatua ya 1: Pata picha inayosema kweli

Picha ya WhatsApp imeshabanwa, kingo za herufi zimekuwa ukungu. Mwombe mteja aitume tena kama dokumenti, siyo kama picha ya kawaida. Asimame mbele ya kibao, simu ikitazamana nacho sawasawa. Akipiga kutoka chini, herufi za juu hupungua upana na utakuja kutafuta fonti ambayo haipo. Jua la saa saba mchana hung'aa kwenye stika na kufuta kingo, basi asubuhi au siku ya mawingu ni bora.

Mwombe pia apime kimo cha herufi moja kubwa kwa futi ya fundi cherehani na akuandikie namba. Kipimo hicho kimoja kitakuokoa baadaye.

Kabla ya kuanza upelelezi wowote, uliza swali hili: kuna faili la zamani? Risiti, kadi ya biashara, barua yenye nembo, PDF iliyotumwa kwa mtu fulani? Ikiwa kuna PDF ambayo maandishi yake hayajageuzwa kuwa michoro, ifungue kwa Acrobat Reader, nenda kwenye sifa za dokumenti, ukurasa wa fonti. Jina litakuwa limeandikwa pale. Nimewaona wenzangu wa Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, wakikesha na fonti ambayo jina lake lilikuwa ndani ya PDF waliyokuwa nayo tangu asubuhi.

Hatua ya 2: Tazama herufi zinazojifichua

Kwanza amua jamaa ya fonti. Je, mistari ina vikono vidogo mwishoni, vile ambavyo wachapaji huviita serifu? Ikiwa vipo, ni vyembamba na vikali kama vya Times New Roman, ya mwaka 1932, au ni vya mviringo na vinene kama vya Cooper Black, iliyotoka mwaka 1922 na bado inaonekana kwenye milango ya saluni? Ikiwa havipo, uko kwenye jamaa ya Helvetica, Arial, Futura na ndugu zao. Ikiwa herufi zinafanana na mwandiko wa mkono, anza na Brush Script na Monotype Corsiva, maana kompyuta nyingi zimekuwa nazo kwa miaka.

Baada ya hapo ingia kwenye herufi mojamoja. Miongozo ya Ulaya na Marekani hukuambia uangalie Q. Vibao vyetu vya Kiswahili na vya Luganda havina Q. Sisi tuangalie tulichonacho:

R: mguu wake umenyooka kwa mshazari, umepinda, au unashuka wima?
G: ina kimguu kinachoshuka chini kulia, au haina?
a ndogo: ina ghorofa moja, kama duara lenye mkia, au ghorofa mbili? Kiswahili kimejaa a, basi hii huwezi kuikosa.
t ndogo: kichwa chake kimekatwa mraba au kwa mshazari?
K: mikono miwili inakutana kwenye nguzo, au mkono mmoja unaanzia juu ya mwenzake?
M: miguu iko wima au imetanuka? Ncha ya katikati inafika chini au inaishia njiani?

Kibao kikiwa na maneno machache, kama DUKA LA DAWA, hutapata R wala G. Hapo shuka kwenye namba ya simu. Karibu kila kibao cha Uganda kina namba ya simu, na tarakimu hufichua mengi. Bendera ya juu ya 1 kwenye Arial huteremka kwa mshazari. Ya Helvetica ina ncha ya mraba.

Jozi hiyo inastahili maneno zaidi, kwa kuwa ndiyo inayotusumbua kuliko zote. Helvetica ilichorwa Uswisi na Max Miedinger pamoja na Eduard Hoffmann, ikatoka mwaka 1957. Arial ilichorwa mwaka 1982 na Robin Nicholas na Patricia Saunders wa kampuni ya Monotype, na upana wa herufi zake ulilinganishwa na ule wa Helvetica, ili moja iweze kukaa mahali pa nyingine bila mstari kurefuka. Ndiyo sababu futi ya kupimia haikunionya kule Busia: neno lilitoka na urefu uleule. Tofauti iko kwenye umbo. Mistari ya Helvetica huishia kwa mkato wa mlalo au wa wima, tazama midomo ya C na S. Ya Arial hukatwa kwa mshazari. Ukishaiona mara moja hutaacha kuiona.

Hatua ya 3: Uliza mtandao, kisha uhakiki

Kuna tovuti mbili za kutambua fonti. WhatTheFont hupokea picha na kukupa majina yanayofanana. Identifont hukuuliza maswali kuhusu maumbo ya herufi na kupunguza majina kadiri unavyojibu. Ni msaada mkubwa pale picha inapokuwa mbaya lakini macho yako yameona kibao chenyewe.

Picha unayoipeleka WhatTheFont itayarishe. Kata mstari mmoja tu. Nyoosha kama umeinama. Igeuze iwe nyeusi kwenye nyeupe. Herufi zilizogusana zitenganishe kwa kifutio, maana programu huweza kuzisoma mbili kama moja. Ondoa kivuli na mstari wa pembeni ikiwezekana.

Jibu la kwanza mara nyingi ni ndugu wa fonti unayoitafuta, au nakala iliyochorwa upya na kupewa jina jingine. Chukua majibu matatu ya mwanzo uyapeleke kwenye hatua inayofuata. Na soma leseni: fonti iliyoandikwa ni ya matumizi binafsi haifai kwa kibao cha kulipwa. Fonti za Google Fonts ziko chini ya leseni huria zinazoruhusu biashara, nami huanzia huko ninapotafuta mbadala wa fonti ghali.

Hatua ya 4: Lalisha herufi juu ya herufi

Weka picha kwenye programu ya kuchora kama CorelDRAW au Illustrator, andika neno lilelile kwa fonti unayoishuku, ulifanye liwe jekundu na lipenyeze mwanga kidogo, kisha lilaze juu ya picha. Linganisha herufi mojamoja. Ukilaza neno zima, nafasi za kati ya herufi zitakudanganya, kwa kuwa fundi aliyetangulia huenda alizisogeza kwa mkono.

Kuna hila moja ya kuiwinda: fonti iliyovutwa. Mafundi wengi hujaza kibao kwa kuvuta maandishi upande mmoja. Dalili iko kwenye unene wa mistari. Katika herufi za kawaida zisizo na serifu, nguzo za wima huwa nene kidogo kuliko mistari ya mlalo. Ukiona nguzo nene kupita kiasi, neno lilivutwa kwa upana. Ukiona mistari ya mlalo imezishinda nguzo, lilivutwa kwenda juu. Hapo kile kipimo cha mteja kinafanya kazi. Tuseme fonti yako, kwa kimo cha sentimita 30, inatoa H yenye upana wa sentimita 24, na kibao kina H ya 30 kwa 30. Vuta upana hadi asilimia 125, na herufi zitakaa.

Mwisho, chapa herufi moja kwa kimo halisi kwenye karatasi, hata kama ni karatasi nne zilizogundishwa, mteja aishikize kando ya kibao na apige picha. Karatasi ni rahisi kuliko nauli ya Busia.

Kibao kikiwa cha brashi

Usitafute fonti pale ambapo hakuna. Vibao vingi vya mijini na vijijini Uganda viliandikwa na mafundi wa brashi, na A mbili za kibao kimoja hazifanani. Angalia hizo A mbili. Zikitofautiana, acha WhatTheFont. Weka karatasi nyepesi juu ya herufi, ifuate kwa penseli, ipige picha, uichore upya kwenye kompyuta. Amri ya kuchora kiotomatiki huweka nukta mamia kwenye herufi moja, na kisu cha plota kitatetemeka kwenye kila nukta. Chora kwa mkono, ukiweka nukta chache kwenye sehemu za juu kabisa, chini kabisa na pembeni za kila mviringo. Kazi ya wale wazee ina uzuri ambao fonti haina. Inyoshe kidogo, usiifute.

Ŋ na ritifaa

Hapa ndipo fonti za kupakua mtandaoni hutuangusha. Luganda ina herufi ŋ, kama kwenye eŋŋaano, yaani ngano, na eŋŋoma, yaani ngoma. Fonti nyingi za mapambo hazina herufi hii. Kompyuta haikuambii, huikopa kimyakimya kutoka fonti nyingine, na kwenye skrini ndogo huoni. Bango likishatoka kwa ukubwa wa mita mbili, ŋ moja inakaa kama mgeni katikati ya ndugu.

Kwanza hakikisha ipo. Kwenye Word, andika 014B kisha bonyeza Alt na X, upate ŋ. 014A hutoa herufi kubwa. Badilisha fonti uone kama umbo linabadilika nayo. Lisipobadilika, fonti haina. Basi itengeneze: chukua n ya fonti yako, chukua mkia wa j ya fonti hiyohiyo, uunganishe kwenye mguu wa kulia. Herufi kubwa ina maumbo mawili duniani: moja ni N kubwa yenye mkia, inayopendwa na lugha za Wasami wa kaskazini mwa Ulaya, na jingine ni n ndogo iliyokuzwa, ambalo ndilo la huku kwetu. Ukiikuza n, unene wake nao hukua, kwa hiyo upunguze ulingane na herufi kubwa nyingine. Mteja wa Luganda akiandikiwa NG mahali pa Ŋ atasoma, lakini atajua kwamba hukujali.

Kiswahili kina mtihani wake: ritifaa ya ng'. Kwenye kibao cha bucha, NYAMA YA NG'OMBE, ritifaa ndiyo kipande kidogo kuliko vyote. Hung'oka wakati wa kuchambua stika, yaani kuondoa stika ya ziada, na ikibaki, ndiyo ya kwanza kubanduka kwa mvua. Ikuze hadi iwe pana angalau milimita 4 kwenye stika ya ukubwa wa kawaida, na ikate mbili za akiba pembeni. Angalia pia uelekeo wake. Huenda ikatoka imepinduka, kama alama ya kufungua nukuu. Ritifaa sahihi ina umbo la 9, siyo la 6.

Kutayarisha faili

Kimo kwanza. Kanuni ya zamani ya mafundi wa mabango inasema milimita 25 za kimo cha herufi kwa kila mita 3 za umbali, ili isomeke bila taabu. Mtu aliye mita 30 ng'ambo ya barabara anahitaji sentimita 25. Mteja akitaka huduma kumi na mbili kwenye ubao wa mita moja, mwonyeshe kanuni hii kwa futi, palepale.

Faili likienda kwenye mashine ya mtu mwingine, geuza maandishi yote kuwa michoro: Ctrl na Q kwenye CorelDRAW, Ctrl, Shift na O kwenye Illustrator. Usipofanya hivyo na kompyuta ile haina fonti yako, itaweka nyingine. Hifadhi nakala moja ambayo haijageuzwa, maana mteja atabadilisha namba ya simu, hilo ni hakika.

Fonti za mwandiko wa mkono zina herufi zinazopishana. Zikikatwa hivyohivyo, plota itapasua kila mpishano. Ziunganishe kwa amri ya Weld kabla ya kukata. Na ukikuza mchoro wenye mstari wa pembeni kwenye CorelDRAW, hakikisha umechagua mstari ukue pamoja na mchoro. La sivyo mstari wa milimita 2 unabaki milimita 2 hata neno likikua mara kumi.

Stika inapogoma

Kabla ya kila kazi, kata mraba mdogo wenye duara ndani yake. Stika itoke, karatasi ya nyuma ibaki na alama hafifu tu ya kisu. Ikitoboka, punguza nguvu au rudisha kisu ndani kidogo.

Herufi isipofunga, mwanzo wa mkato usikutane na mwisho, au kona zikitoka mviringo au na vimasikio, angalia kipimo cha mchepuko wa ncha ya kisu (blade offset) kwenye mipangilio ya plota. Kwa visu vingi ni milimita 0.25. Kikiwa sahihi, kisu kimeisha, au kishikio kimejaa vumbi. Vumbi letu jekundu huingia humo kila siku, kifungue ukisafishe.

Kazi ndefu ikienda upande, stika iliingizwa imepinda au magurudumu ya kubana hayabani sawa. Irudishe, itembeze mita moja mbele na nyuma bila kukata, uone kama inabaki kwenye mstari. Umeme ukikatika katikati ya kazi ya mita nne, mashine husahau ilipoanzia na stika yote imepotea. Mimi siku hizi hukata vipande vya mita moja moja, na kompyuta pamoja na plota ziko kwenye UPS, betri ya akiba.

Unapochambua, vuta stika ya ziada ikijikunja juu yake yenyewe, karibu ilale. Ukivuta kwenda juu, herufi nyembamba zinafuata. Na tepu ya kuhamishia, ile inayobeba herufi hadi kwenye kibao, ikikataa kunyanyua herufi, geuza kazi yote uso chini, uibandue karatasi ya nyuma kutoka kwenye stika badala ya kuinyanyua stika kutoka kwenye karatasi.

Mashine kubwa, leza na taa

Michirizi ya mlalo kwenye uchapaji mara nyingi ni tundu za wino zilizoziba: chapa jaribio la tundu, safisha, kisha jaribu tena kabla ya kugusa kitu kingine. Mashine inayokaa siku nne bila kazi huziba, basi ichapishe hata ukanda mdogo kila siku. Usilamineti, yaani usifunike kwa plastiki nyembamba, kazi ya wino wa solventi ikiwa bado inatoa harufu. Ipe saa 24 ikiwa imetandazwa, isiwe imekunjwa kwenye roli. Ukiharakisha, utaona vipovu na kingo zikijiinua.

Kwenye leza, kuna jambo ambalo sitalisema kwa upole: usikate plastiki ya PVC. Ubao wa Forex ni PVC, stika nyingi ni PVC. Moto wa leza huifanya itoe gesi yenye klorini inayounguza mapafu na kutia kutu mashine. Kata akriliki. Usipojua ubao ni wa nini, toka nje, pasha waya wa shaba hadi uwe mwekundu, uguse ubao, urudishe waya kwenye moto. Moto ukigeuka kijani, kuna klorini. Usiuweke kwenye leza.

Herufi za taa za LED zikiwa na madoa ya mwanga, taa ziko mbali mno kwa kina cha sanduku: nafasi kati ya taa isizidi kina hicho. Zikififia mwishoni mwa mnyororo, peleka umeme kutoka ncha zote mbili. Kigeuza umeme cha taa (power supply) kisibebe zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake. Toboa tundu ndogo chini ya kila sanduku maji yatoke.

Kubandika

Safisha kwa spiriti. Petroli na mafuta ya taa huacha utando, na gundi haishiki. Rangi mpya ya mafuta iache ikauke kabisa kwa wiki kadhaa. Inaendelea kutoa hewa chini ya stika hata kama kidole hakishiki. Bati lililopigwa na jua la mchana huinasa stika mara inapogusa, huna nafasi ya kurekebisha, basi fanya asubuhi umande ukishakauka. Kwenye kioo tumia maji yenye tone la sabuni, usukume kwa skwiji kutoka katikati kwenda nje, kisha subiri kabla ya kubandua tepu. Ndani ya Kampala, hakikisha mteja ana kibali cha bango kutoka KCCA, mamlaka ya jiji, kabla hujapandisha ngazi.

Kisha chukua kalamu ya wino usiofutika, uandike nyuma ya kibao: jina la fonti, kimo cha herufi, asilimia uliyovuta, aina na namba ya rangi ya stika, na tarehe. Kwenye kile cha Busia nimeandika: Helvetica, sentimita 18, haijavutwa.